Bi Mkavu, Msomaji wa Chumba cha Pembeni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mitihani kwa sauti. Kila mtihani alimsomea mwanafunzi mmoja asiyeona, wawili tu chumbani, mlango umefungwa. Amefariki wiki iliyopita. Wanafunzi walimwita Bi Mkavu.

Jina hilo alilitolea jasho. Maswali ya kuchagua yana mtego wake. Ukipandisha sauti kidogo kwenye jibu sahihi, umeshamwambia mtoto. Ukivuta pumzi, umemwambia. Na wanafunzi wasioona, jamani, wana masikio! Kwa hiyo Bi Mkavu alijifunza kusoma A, B, C na D kwa sauti moja, iliyonyooka kama rula. Mazoezi aliyafanya jikoni, mbele ya masufuria.

Binti yake anacheka akikumbuka. "Nilimwambia, mama, mbona unaniamsha kama unasoma tangazo la kukatika maji? Akanijibu, 'Amka basi, yamekatika kweli.'"

Sheria ilikuwa ngumu. Haruhusiwi kumjua mtahiniwa kabla. Haruhusiwi kupiga naye soga baadaye. Mtihani ukiisha, mwanafunzi anapokelewa mlangoni na wenzake, kelele tele. Yeye anabaki kufunga bahasha, kisha anakula mkate wake pale pale mezani. Nyumbani nako hakukuwa na mtu. Mume alikwisha kufa, binti ameolewa mbali. Miaka mingi, wasikilizaji. Miaka mingi ya kuwasomea watu wasiojua hata jina lake.

Mwaka mmoja aliletewa msichana aliyepoteza uwezo wa kuona akikaribia kumaliza sekondari. Vidole vyake vilikuwa havijazoea maandishi ya nukta nundu, ndiyo maana alihitaji msomaji. Katikati ya mtihani wa hesabu akaanza kulia.

"Shangazi, nakuomba. Niambie tu kama nimekosea."

Bi Mkavu akasoma swali upya. Sauti ile ile.

"Hivi wewe ni mtu kweli?"

Akasoma tena. Kinasa sauti kilikuwa mezani kikizunguka, kama sheria inavyotaka.

Matokeo yakatoka. Msichana amefaulu, tena vizuri mno. Badala ya pongezi, yakaanza maneno. Haoni, halafu hesabu apate alama zile? Huyo kasaidiwa! Matokeo yakazuiliwa. Nafasi yake ya chuo ikabaki inaning'inia.

Wakaguzi wakakaa kuisikiliza kanda. Mmoja wao, ambaye sasa amestaafu, alinisimulia. "Mimi hesabu zilinishinda tangu utoto. Nikaambiwa nibahatishe majibu kwa kufuata sauti ya msomaji tu. Nikakosa vibaya sana. Halafu tukafika pale mtoto analia. Mwenzangu akasema, 'Mama huyu ana roho ngumu.' Nikamjibu, basi ushahidi wenyewe ndio huo."

Msichana akarudishiwa matokeo yake. Akaenda chuo. Leo ni mhasibu.

Lakini habari ya kanda hakuna aliyemwambia. Aliambiwa tu kwamba uchunguzi umekwisha. "Nilimchukia yule mama," amenieleza bila kuzunguka. "Nilikuwa nikikumbuka sauti yake, nasikia baridi." Wiki iliyopita alisikia tangazo la kifo cha Bi Mkavu hapa hapa kwetu. Akaenda mazishini na fimbo yake nyeupe, hamjui mtu yeyote. Anasema hata yeye hajui alifuata nini. Ni yule mkaguzi, naye alikuwa pale, aliyemtambua kwa sauti aliyoisikia kwenye kanda na kumsimulia yote.

Mhasibu akaomba apelekwe kwa binti wa marehemu. Hakutoa hotuba. Aliuliza kitu kimoja tu: "Dada, mama alikuwa anachekaje?"

Binti akajaribu kumwigiza. Akashindwa. Akajaribu tena.

Kwako binti, na kwa wajukuu, poleni sana. Sisi wa kituo hiki tuko nanyi. Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Mitihani inakaribia, na vyumba vya pembeni vinahitaji wasomaji. Mwenye macho na subira ajitokeze. Na wewe mzazi unayemsubiri mwanao nje, msomaji akitoka, mshike mkono. Muulize amefikaje, na anarudi kwa nani. Sheria ya kukukataza nimeitafuta. Haipo.