Vipande Kumi na Kimoja Vyenye Matundu

Citoyen Inspecteur, uliyevumilia barabara ya Irumu hadi vumbi likakubadilisha rangi; Citoyen Préfet Tharcisse, mukubwa wa shule hii na wa kazi yangu; Padri Jérôme; walimu, wazazi na wanafunzi; na weye Mama Elisabeth wa jikoni, ambaye programu imekusahau lakini mimi sikukusahau: namsalimu kila mutu kwa cheo chake.

Hati niliyopewa sasa hivi inasema ninastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya "kutunza usafi wa laboratwari". Nimeisoma mara mbili. Ni kweli, nilifagia. Lakini toka 1979 hadi mwaka huu wa 1984 nilifanya pia majaribio mia mbili na kumi na mawili, na hayo hayamo. Yalisahauliwa ao yalifichwa? Sijui. Kichwa changu kimevurugika, na mutanivumilia nikiongea hivyohivyo.

Wengi hamujui tulichokuwa tunatafuta. Liko jiwe moja jeusi, lenye kung'aa, lenye madini ya risasi ndani. Ukilipasha moto upande mmoja na kupoza wa pili, linatoa umeme. Kidogo sana, lakini umeme. Mwalimu Wivine, wa fizikia, alitaka joto la taa ya petroli liendeshe redio ya zahanati siku ambazo lori la mazuti, mafuta ya jenereta, limekwama Komanda. Yeye alileta fikra, mimi mikono: kusaga jiwe, kulikandamiza kwa jeki ya lori, kulichoma kwa moto wa makala hadi litoke kipande kama sabuni ndogo.

Siku moja kinu changu kikapasuka. Nikaenda kuomba kile kilichotupwa nyuma ya jiko.

"Muzee Gérard," Mama Elisabeth akaniambia, "hiki iko na nyufa, unga ya muhogo inajificha ndani. Unataka kula mawe na fufu?"

"Weye pika, mimi nisage," nikamjibu kwa kiburi.

Musicheke. Na mujue kinu hicho hakikurudi jikoni tena.

Unga ulitoka ndani ya nyufa, ukachanganyika na jiwe, ukaungua tanuruni, ukaacha matundu. Kipande kikatoka kama mukate. Nilikipima kwa ubishi tu, kabla ya kukitupa.

Sasa sikilizeni hesabu. Kipande laini: gramu sitini, tofauti ya joto kati ya pande zake mbili, digrii sitini, milivolti kumi na tano. Kipande chenye matundu, ukubwa uleule, taa ileile, maji yaleyale ya kupoza: gramu arobaini na nane, digrii mia moja na nne, milivolti ishirini na sita! Kipingamizi cha umeme nacho kilipanda, mara moja na nusu, hilo silifichi. Lakini pigeni hesabu hadi mwisho: nguvu iliyotoka ilikuwa mara mbili.

Kitu kilichopungua kinawezaje kuzidi? Mwalimu Wivine anasema hewa ya matunduni inazuia joto kuvuka, upande baridi unabaki baridi, na umeme unajitafutia njia kwenye kuta zilizobaki. Nakubali. Tukatengeneza vingine kumi, tukitia unga kwa kijiko makusudi. Basi kwa nini kijiko kimoja cha unga kinasaidia na viwili vinaharibu? Kwa nini kipande cha tano na cha sita, vya siku moja na tanuru moja, havikubaliani? Mimi sijui. Mwalimu hajui. Nilimuuliza Citoyen Préfet, akanijibu, "Muzee, tundu ni tundu," akaandika kwenye ripoti: vipande vibovu, kumi na kimoja. Vile laini mumeviona mulangoni, ndani ya kabati ya vioo. Vyangu viliwekwa kwenye bidoni ya takataka, na bidoni inamwagwa Jumatatu.

Citoyen Préfet, uko mutu wa utaratibu. Miaka yako yote hapa, shule haijakosa chaki hata siku moja, na hapa Bunia hilo si jambo dogo. Lakini uliogopa Inspecteur ataona matundu na kuicheka shule. Basi leo asubuhi niliingiza mukono bidonini. Viko hapa, ndani ya kitambaa hiki. Citoyen Inspecteur, shika kimoja. Unakiona chepesi? Ndiyo shida yangu hiyo.

Saa ya ukutani muliyonizawadia ni nzuri, lakini huko Nizi, kwa binti yangu Angèle, sitakuwa na jaribio la kupimia muda. Itundikwe laboratwari. Badala yake naomba nafasi ndani ya kabati ya vioo: vipande hivi, na daftari langu kando, pamoja na makosa yake yote.

Mwalimu Wivine, pokea ufunguo wa tanuru. Hatujajaribu nusu kijiko. Anza hapo, na ukipata jibu, nitumie habari Nizi, unieleze polepole.

Mumekaa hadi mwisho kumusikiliza mutu asiyeelewa alichokipata. Kwa masikio hayo, asanteni sana.