Mtindo wa Motere

Asubuhi ya Jumatatu benchi la kona ya soko, hapa Kasongo, huwa na habari moja tu: futingi ya jana, zile mbio za Jumapili ambapo nusu ya mtaa hukimbia barabarani ikiimba. Mbele yao wote hutangulia Djamali, muuza mabati wa miaka hamsini, ambaye kijiweni humwita Motere, yaani injini, kwa kuwa hachoki. Jumapili tatu sasa Motere amekuja na mtindo mpya: mguu wa kushoto anauburuza, kiuno kinazama, kisha anaruka. Jana mtaa mzima ulimwiga. Leo amechelewa, amekalia tako moja, na kahawa ameipokea bila kumtania mtu.

— Motere, utufundishe vizuri ile stili, alisema Salomon, dereva wa pikipiki aitwaye Pistoni. Mimi bado inanishinda pa kuruka.

— Haiko stili, Djamali akasema. Ni maumivu. Hapa kwa nyonga, karibu na kinena. Hata kulala, silali.

Pistoni alibaki na kikombe mdomoni. Asani mchinja mbuzi, aliyejipa mwenyewe jina la Juji, yaani hakimu, alimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

— Na sisi tulikuwa tunaimba?

— Muguu ulianza kuuma, nikachechemea. Nyuma mukapiga makofi. Nikaona nikisimama, nitawaharibia wimbo.

Lililobaki hakulisema. Aliyapenda yale makofi. Muuza mabati wa umri wake hapigiwi makofi na mtu.

— Iko viatu, Pistoni aliamua. Ulinunua viatu vya mutumba, na mwenyewe wa kwanza alikuwa kilema.

— Viatu gani? Ule ni upepo, alisema Juji. Uliingia kwa kinywa wakati anaimba, ukashuka mpaka kwa nyonga, ukakosa njia ya kutoka.

— Sasa utatoka wapi?

— Mama wa mapasa amukanyage pale. Kisha Jumapili akimbie kinyumenyume, maumivu yarudie njia ile yalikuja nayo.

Djamali alishtuka kujikuta anawaza ni mama yupi wa mapacha mtaani aliye mwepesi.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mgeni, Olga, muuguzi kutoka Kabambare, akingoja tairi ya pikipiki yake izibwe.

— Papa, unisamehe, alisema. Simamia muguu ule tu.

Djamali alisimama, akashika bega la Pistoni, akainua ule wa kulia usiouma. Nyonga ilimchoma hadi macho yakaingia giza, akaangukia kifuani mwa Pistoni na kahawa yote ikamwagika.

— Usiukanyage tena, Olga akasema. Inaweza kuwa mufupa umeanza kupasuka. Ukikimbia, utavunjika kabisa. Wakubebe mpaka hospitali, wakupige picha.

— Kwangu iko pale tu. Nitatembea.

— Hata pale, hapana.

Olga akawageukia.

— Munakimbia naye kila Jumapili. Hakuna hata mumoja alimuuliza: unaumia?

Pistoni alitazama chini. Juji alitazama soko. Djamali, aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu siku ya kwanza, alifunika uso kwa kiganja akalia mbele ya watu wote.