Kiti cha Mlangoni kwa Springi

Hapana, mjomba, keti tu, tulibishana jana mpaka chai ikapoa na leo sibishani tena mbele ya jeneza, wewe unasema habari za chupa na wodi zitatutia aibu, nami nasema marehemu hakuzificha akiwa hai, mjane wake, shemeji yangu, ameniambia nisome zote, na mimi kaka yake mkubwa shule sikufika mbali lakini kuzungukazunguka sijui.

Marehemu mdogo wangu, mliyemwita Springi kwa sababu kutulia kulimshinda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, walimu wakimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa mengine yote, akajifunza ufundi wa makochi, na mwaka 1991 akafungua karakana yake mwenyewe. Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1993, wakajaliwa binti, ambaye ni nesi, na mwana, ambaye ni dereva na huendesha gari kama baba yake alivyoongea, bila breki.

Mwaka 1999 alianza kusikia sauti, akazinyamazisha kwa pombe, zikarudi na wenzao, akalazwa, akatibiwa, akatoka akiwa mzima wa kupendeza, nasi kwa furaha yetu tukamfanyia sherehe na keki kubwa iliyoandikwa "Umepona". Naye akaiamini keki kuliko daktari, akaacha dawa, akaanza kukesha, akarudishwa wodini mishumaa ya sherehe ikiwa bado kabatini.

Alipotoka mara ya pili alituambia, "Jamani, msinipongeze tena, pongezi ndizo zilizoniangusha," akatueleza kwamba kwake chupa huja mwisho kabisa, kwanza usingizi hukimbia, kisha dawa husahaulika, kisha kila mtu huanza kumuudhi. Basi akaweka kiti mlangoni mwa karakana, kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, na sharti la kukikalia lilikuwa kumuuliza mambo matatu: umelala, umekula, umemeza? Aliongeza kwamba siku akikasirika kwa maswali hayo, aliyeuliza asiondoke.

Mwaka 2010 alikasirika. Dobi wa jirani alimuuliza kama kawaida, Springi akafoka, "Wewe mama, nenda kanyooshe mashati ya watu!" Dobi akaegemea vizuri akamjibu, "Mashati yangu yanasubiri, mdogo wangu, hayana kichwa kigumu kama chako," akakaa hapo hapo mpaka shemeji alipofika, wakampeleka hospitali pamoja, dawa ikabadilishwa, na mpaka anafariki pombe hakuigusa tena.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na tarehe 3 mwezi huu alifariki hospitalini, baada ya kumwambia nesi wa zamu kwamba godoro lile limeshonwa na mtu mwenye hasira.

Tunawashukuru madaktari na manesi ambao hawakumwita kichaa hata siku moja, majirani waliokikalia kile kiti mpaka kitambaa kikaisha, na mafundi wenzake wa karakanani, hasa huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye naye yuko kwenye dawa na ameacha pombe kwa kuongozwa na marehemu. Ameniruhusu nimtaje, tena amesema nisipunguze, kwa sababu msiba kama huu ndio unaoweza kumrudisha alikotoka, na ndiyo sababu, mjomba, sikuruka kitu.

Lala salama, Springi, pumzika kwa amani, kazi yako tumeiona. Nanyi mlioketi bure miaka yote kwenye kiti chake, mna deni: kesho karakana ikifunguliwa, nataka mtu kwenye kile kiti, na amuulize fundi huyu yote matatu.