Gari Lisilotiwa Maji

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha viatu na meza ya Redio, fundi wa redio na simu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Dobi huja pale pasi yake ikipoa, Mama Birika huja na kahawa, na shemeji yangu Kimya huegesha teksi yake ya umeme mbele yetu akingoja abiria. Ukimya ni wa gari. Mwenyewe ana mdomo kama kasuku. Tangu alinunue wimbo wake ulikuwa mmoja: halina oili, halina maji, halina moshi. Asubuhi hiyo alilirudisha nyuma hatua tatu, na pale lilipokuwa limeegeshwa tukaona dimbwi.

– Mungu wangu! Kimya akashuka bila kufunga mlango. Hii nini tena?

– Maji, alisema Mama Birika.

– Maji yatoke wapi? Gari la umeme hili!

Redio akachuchumaa, akachovya kidole, akanusa.

– Jasho hili. Betri ikichoka inatoka jasho kama mtu.

– Jasho la buluu? aliuliza Dobi.

– Wewe ulishaona jasho la umeme likawa la rangi gani?

Dobi hakuwa ameliona, lakini hakukubali kushindwa.

– Mimi naona ni kama pasi ya mvuke. Ukiikamua sana inatema maji. Shemeji analikimbiza huyu.

– Nilikimbize na mke wangu yumo ndani kila siku? Tumbo la miezi minane! Namwendesha kama nimebeba yai.

Mke wake ni mdogo wangu, tumbo moja. Niliinamia kiatu nilichokuwa nashona, nikavuta uzi.

– Nisikilizeni, alisema Redio, sasa amesimama. Umeme unatengenezwa wapi? Bwawani. Jana umelichaji kupita kiasi. Umeme ulipokwisha kwenye waya, maji yakafuata!

– Basi kesho tutegemee samaki, alisema Mama Birika.

– Cheka tu. Haba na haba hujaza kibaba. Ngojeni dimbwi lijae, mtaona.

– Hiyo methali ni ya kuweka akiba, Redio! alisema Dobi.

– Na hii si akiba? Angalia ilivyojikusanya.

Kimya alikuwa ameshapiga simu gereji. Ikaja pikipiki, akashuka mwanamke mwenye ovaroli na sanduku la vyombo.

– Fundi mwenyewe yuko nyuma? aliuliza Dobi.

– Ndiye mimi. Nani ameyagusa haya?

– Mimi nimenusa tu, alisema Redio.

– Hukuonja?

– Sikuonja.

– Afadhali. Ni matamu, na ni sumu.

Redio akakimbilia ndoo ya Dobi, akanawa kidole mara tatu. Hakuna aliyecheka.

Fundi akaingiza karatasi nyeupe chini ya gari, tone likadondoka. Akatuonyesha.

– Ya kiyoyozi yangekuwa meupe, hayana harufu, hayana neno. Haya yana rangi. Ni ya kupozea betri.

– Kwa hiyo lina maji? Sauti ya Kimya ilikuwa ndogo. Miezi yote hii nawaambia watu halina!

Fundi akafungua boneti. Akaitazama chupa ya plastiki pembeni, akavuta maji kidogo kwa bomba la sindano, akayainua kwenye mwanga. Akaupapasa mpira unaopitisha maji.

– Ukoga kwenye mpira unaonyesha hili limevuja wiki mbili au zaidi. Chupa ilitakiwa iwe tupu na taa ya hatari iwe imewaka. Lakini chupa imejaa pomoni. Nani anaongeza maji?

Tukatazamana. Redio akamtazama Dobi, Dobi akamtazama Kimya, Kimya akawatazama wote isipokuwa mimi.

– Ni mimi, nikasema.

Mama Birika akasema “Ala!” na kahawa ikamwagika nje ya kikombe.

– Shemeji, wewe? aliuliza Kimya.

– Huwa unaniachia ufunguo ukienda kula. Wiki mbili zilizopita niliona tone chini yake. Nikafungua, nikakuta yamepungua, nikajazia kwa jagi la Dobi. Kila siku. Ulivyokuwa ukilisifu hili gari mbele za watu, ningekuambiaje kwamba linavuja?

– Baba, alisema fundi, na heshima yake ikaniumiza kuliko tusi, maji ya bomba yanapitisha umeme. Haya maalumu hayapitishi ovyo. Na ulivyokuwa unajaza, taa haikuwaka, mwenye gari hakujua. Yangepenya ndani ya sanduku la betri ungekuwa moto. Na sanduku lenyewe liko hapa, chini ya viti.

Akapiga sakafu ya gari kwa kiganja. Kimya akakaa chini, pale pale kwenye lami.

Fundi akavaa glavu nene, akakata umeme, akaingia uvunguni. Bano la mpira lilikuwa limelegea, mpira umechanika mdomoni. Akapima betri kwa mita yake: unyevu haukuwa umeingia. Akabadilisha mpira na bano, akamwaga maji yangu yote, akajaza yanayotakiwa, akatoa hewa, akasukuma presha kujaribu kama bado panavuja, akangoja. Karatasi nyeupe ikabaki kavu. Muda wote huo hakuna aliyetoa methali.

Saa sita mdogo wangu akaja kupelekwa kliniki, mkono kiunoni. Kimya akamweleza yote. Hakupiga kelele. Alikuja hadi mbele ya kibanda changu.

– Kaka, ulijua linavuja?

– Nilijua.

– Na kila siku ulikuwa unanifungulia mlango, unaniambia panda taratibu mdogo wangu.

– Ndiyo.

– Kwa nini?

Nikawatazama wenzangu wanisaidie. Redio aligeukia meza yake, Dobi akasema pasi inaunguza nguo. Mdogo wangu alingoja, tena kwa subira. Halafu akaenda kwenye gari. Niliinuka nimfungulie, lakini alikuwa ameshafungua mwenyewe.