Makofi ya Jumamosi

"Hivi wale walikuwa wanauza nini hasa?" jirani yangu aliniuliza zamani, kuhusu kikundi cha wauza sabuni waliopita mtaani kwetu. Jibu nimelisikia leo kwenye basi, fundi cherehani akimwambia muuguzi aliyeketi naye.

"Sabuni ilikuwa kisingizio, dada yangu. Tulikuwa tunaingiza watu walipe kiingilio, pesa ziende kwa waliotangulia. Kila Jumamosi sebuleni kwa wifi, ukileta mtu mpya, wote wanasimama kukupigia makofi. Mimi nilikuwa sijapigiwa makofi tangu nizaliwe."

Nikamkumbuka marehemu mume wangu, aliyesifu hata chai yangu iliyopoa.

"Ndiyo maana ukawaponza majirani?" muuguzi akauliza.

"Kumi na mmoja. Leo naenda kutoa ushahidi dhidi ya wifi."

"Na wakikupigia makofi tena, hutarudi?"

Mungu anisamehe, nami nilitega sikio. Basi likasimama mahakamani. Fundi akatoa mkobani kipande cha sabuni, ushahidi wake, akakinusa kwa muda mrefu, akashuka.