Gari la Wambua Limeingia Kwenye Albamu

Benchi letu la Ngara liko ubavuni mwa duka la vitambaa, pale Mzee Hemed anapoweka jiko na dele lake la kahawa. Asubuhi hiyo tulikuwa tunasikiliza albamu ya kwanza ya Nzula, binti wa Kwa Nzioka, mji wenye barabara moja na posho mill moja ya kusaga unga. Kila wimbo ni hadithi ya mtu wa huko. Wa pasta tulicheka. Wa mkunga tukaurudia. Wa nne ulipofika katikati, Wambua, fundi wa saa mzaliwa wa huko huko, tunayemwita Meneja, akazima simu. Simu yangu. Mimi sipendi mtu kunishikia simu, na nikamwambia hivyo.

— Huyo ni mimi, akasema.

— Nani?

— Huyo jamaa wa wimbo. Kila Disemba anaenda nyumbani na gari ya kukodi, anaipaki mbele ya posho mill watu wote waione. Mwaka mmoja nyeupe, mwaka unaofuata nyekundu. Mama yake anaambia majirani kijana amepaka rangi. Kuna mwingine kama huyo Kwa Nzioka?

— Kwani ile gari si yako? akauliza Kitavi. Kitavi tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kuuza kalamu nje ya korti.

— Wakili, nyamaza. Mama anaamini ni yangu. Hii wimbo ikifika redio, ataweka uso wapi kanisani?

— Nzula alijificha kwa buti ya hiyo gari, akasema Kitavi. Kutoka Nairobi mpaka huko. Sikia tu vile anaimba, ni sauti ya mtu amekunjwa.

— Si buti, akasema Hemed. Ni hao wakodishaji. Wameweka vinasa sauti chini ya viti, siri za watu wanawauzia wasanii. Wimbo wa tano, ule wa muuzaji mchoyo, mke wangu ashasema ni mimi. Na huko Kwa Nzioka sijakanyaga.

— Basi tumshtaki Nzula, akasema Wakili, mji mzima pamoja na Mzee Hemed. Pasta atoe ushahidi.

— Pasta wimbo wake anaucheza kabla ya mahubiri, nikasema. Meneja, acha kukodi gari, mambo yaishe.

— Na mama nimwambie nini?

Hapo akatoka Zena, mwenye duka la vitambaa, kikombe mkononi. Alikuwa amesikia yote kupitia mlangoni.

— Meneja, mwaka juzi ulienda na gari gani?

— Kagari kadogo, keupe.

— Na mwaka jana?

— Pikapu nyekundu.

— Mama akasema umepaka rangi?

— Ndiyo.

— Ni rangi gani hiyo inageuza kagari kadogo kuwa pikapu?

Hemed akainamisha dele juu ya kikombe cha Zena, yakatoka machicha matupu.

Wambua akatoa simu yake. Haisikiki bila spika, kwa hivyo tulisikia wote.

— Mama, hii Disemba nakuja na basi.

Upande ule kuku walisikika, kisha mama akakohoa.

— Kuja tu, mwanangu. Nitawaambia umeiuza.