Picha Zake Zilikuwa za Jua

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Eksirei, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alimaliza sekondari mwaka 1975 na chuo cha afya mwaka 1978. Alipiga picha za eksirei katika hospitali ya serikali kwa miaka thelathini na minne, bila onyo hata moja kwenye faili lake. Baada ya kutwa nzima ya kutazama mifupa ndani ya chumba chenye giza, alikuwa na haki ya kutazama jua likizama.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1983. Wakiwa bado wachumba, alimsimamisha mwenzake kilimani, akaondoka na kamera. Nusu saa ikapita. Msichana akajua ameachwa. Mara huyo anarudi mbio, anahema.

"Nisamehe. Ningesimama karibu nawe, jua nyuma yako lingetoka dogo kama kidonge. Lenzi hii inataka umbali."

"Siku nyingine uage!"

Picha hiyo iko sebuleni mpaka leo: msichana aliyenuna, amesimama ndani ya jua.

Hivyo ndivyo alivyolipiga jua picha, kwa umbali wa kilomita nzima. Ndiyo maana tarehe 9 Agosti 2021 alikuwa juu ya paa la ghala, akisubiri jua lishuke nyuma ya tangi la maji. Katikati palikuwa na bweni la wauguzi. Mwenyekiti wa wakazi hakumuuliza neno. Alisimama mkutanoni, akasema: "Jua tunaliona bure kwa macho. Mzee mzima na lenzi ile ndefu kama mtutu, anatafuta jua au kina dada wanaoanika nguo?" Watu wakacheka. Baadhi yao wamekaa hapa.

Polisi wakaitwa, wakakaa na kamera siku tisa, wakakagua picha 2,316. Hawakukuta dirisha hata moja. Barua yao ya kumsafisha, mwenyekiti alikabidhiwa mkononi, akaahidi kuisoma mkutanoni. Mikutano tisa imepita.

Marehemu hakupanda tena paa. Januari aliugua moyo. Alipolazwa, kila jioni aliomba pazia lifungwe: "Wasije wakasema nachungulia." Alifariki tarehe 2 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Mdogo wake alimshauri mjane: "Shemeji, ya kamera tuyaache, watu wasahau." Hawatasahau. Wakinyimwa ukweli, watajitungia wao.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne na ndugu watatu.

Mwenyekiti ameomba dakika tano za kutoa salamu. Amepewa, mara tu baada ya wasifu huu. Nakala ya barua iko mezani mbele yake, kwa maandishi makubwa. Aisome yote, kwa sauti ileile ya mkutanoni. Akimaliza, ndipo tutakapomlaza mume, baba na babu yetu, apumzike.